Vichupo Vilivyohamia Pembeni

Asubuhi ile nilipofungua duka, kompyuta ilinipokea kwa herufi kubwa kama za kibao cha barabarani. Sikuwa nimegusa kitu. Jana yake niliizima vizuri, nikaifunika kitambaa chake, nikafunga makufuli yangu nikaenda zangu nyumbani. Leo ukurasa wa kwanza wa intaneti ulikuwa umevimba, maneno machache tu yamejaa kioo kizima, na vile vibango vidogo vinavyokuonyesha kurasa ulizofungua havikuwepo. Pale juu palikuwa peupe. Kwenye kona kulikuwa na ujumbe kwamba kivinjari kimesasishwa na kwamba nitafurahia mwonekano wake mpya. Sikufurahia. Nilitukana, peke yangu, kabla hata sijanywa chai, na sina aibu kulisema hilo.

Duka langu ni la steshenari, Kibiti, kando ya barabara kuu iendayo kusini. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nachapa barua, nawajazia watu maombi yao mtandaoni: vyeti vya kuzaliwa, mikopo ya wanafunzi, ajira. Mtu akitoka Umwe au Mohoro na bahasha yake ya kaki anakuja kwangu kwa sababu nina mkono mwepesi na sikosei. Nina mdomo pia, wanajua, lakini wanauvumilia.

Hapa lazima niseme jambo moja, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini kupotea kwa vibango kwenye kompyuta kulinitoa jasho. Mama yangu ni kipofu. Alipofuka akiwa na umri kama huu nilionao, kule kwetu Mbuchi, kwenye delta, na ukoo mzima unajua kwamba macho yake yalichukuliwa na shetani wa mikokoni, kwa sababu alikata miti mahali pasipokatwa. Shetani huyo, walisema, akimaliza kwa mama huhamia kwa binti. Binti ni mmoja tu, ni mimi. Niliondoka Mbuchi nikaja kuishi mbali na maji kwa sababu hiyo kuliko sababu nyingine yoyote niliyowahi kuwaambia watu. Nimeishi miaka nikiyachunga macho yangu kama mtu anavyomchunga mtoto mgonjwa.

Ndiyo maana kila asubuhi natunga uzi kwenye sindano. Nilimwona mama akipimwa hivyo na shangazi zake. Kwetu, anayeshukiwa macho hupewa sindano ya mkono na uzi mweusi. Akitunga, macho ni mazima, na kama kuna lolote basi linatoka kwingine. Mimi hutunga mara ya kwanza tu, bila hata kulamba uzi. Asubuhi ile nilikuwa nimeshatunga kabla ya kutoka nyumbani. Kwa hiyo nilijua ubaya uko kwenye kompyuta, haukuwa kwangu.

Nilianza na herufi. Kuna vile vidoti vitatu vya kwenye kona. Ukivibofya inashuka orodha, na humo utakuta alama ya kutoa na ya kujumlisha, katikati yake asilimia. Yangu ilisema mia na hamsini. Nikabofya kutoa mpaka mia, pale ilipokuwa zamani. Ajabu ni kwamba sikuridhika. Maneno ya kingoni yaliendelea kunikwepa. Nilifika mwisho wa mstari, halafu nikawa nautafuta mwanzo wa mstari unaofuata kwa kupapasa na macho. Nikashuka themanini. Nikashuka tena mpaka sitini na saba, na hapo kifua kikatulia. Ukurasa mzima ulikuja katikati, mdogo, umejikusanya, ninaumiliki wote kwa mara moja.

Wateja walishangaa. Waliinama kutazama nilichokuwa nikisoma, wakainuka wanajifuta macho.

"Mama, unasomaje hayo? Hayo si maandishi, hao ni chawa!"

Nilicheka sana. Nilijiona kijana kuliko wao. Siku hiyo hiyo nilimpigia mama simu nikamwambia macho yangu yamezidi kuwa makali, namshukuru Mungu. Naye akasema alhamdulillahi, lakini aliisema polepole.

Vile vibango ndivyo vilivyonishinda. Baada ya kujisasisha, kompyuta yenyewe ilikuwa inaviita vichupo, kwa Kiswahili chake ilichokitoa sijui wapi. Aliyekuja kunisaidia alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari, dada wa Iringa aliyepangiwa kazi huku kwetu, ambaye huchapa mitihani yake kwangu na ndiye mtu pekee Kibiti anayeweza kunisikiliza nikifoka bila kununa. Hakutafuta hata kidogo.

"Viko hapa, mama. Toleo jipya limevihamishia pembeni, kushoto. Vimepangwa kwenda chini."

Nikageuza kichwa. Kweli vilikuwepo, safu nzima, vinanisubiri. Nilikuwa nimekitazama kioo kile tangu asubuhi na sikuviona.

"Na mbona umefungua ukurasa huu mara nyingi hivi?" akauliza.

Ulikuwa ukurasa wa maombi ya vyeti vya kuzaliwa. Ule ule, kichupo juu ya kichupo, umejipanga toka juu hadi chini. Mimi nilikuwa nimeufungua mara moja tu. Hilo nilikuwa tayari kuliapia.

"Sio mimi," nikasema.

"Nani sasa?"

"Nimekuambia sio mimi! Kiti hiki hakikaliwi na mtu mwingine."

Hakubishana. Alivifunga kimoja kimoja, akaingia kwenye mipangilio, akaiagiza kompyuta isifungue tena kurasa za jana inapowashwa. Nikamshukuru, akaenda darasani. Alipopita jioni kuchukua karatasi zake alisimama nyuma ya kiti changu.

"Mama, vimejaa tena."

Nikageuza kichwa, na vilikuwa vimejaa. Siku nzima nilikuwa nimekaa pale, mkono wangu kwenye mausi, na kuna mtu alikuwa anafungua kurasa pembeni yangu.

Tukavirudisha juu ya ukurasa, kwenye mstari wake wa zamani. Inawezekana, ni kubofya tu kitufe cha kulia cha mausi na kuchagua. Kwa siku chache nikaona nafuu. Halafu vya mwisho wa mstari vikaanza kuondoka, kwanza upande huu, kisha ule. Nilichokiacha katikati nilikikuta, nilichokiacha pembeni kilikuwa kimeliwa. Nikafunga mtandao, nikazima, nikawasha, nikaitoa programu yote nikaiweka upya. Ikarudi na tabia yake ile ile.

Kisha ikahamia kwa watu. Nilikuwa nachapa, mara kwenye bega langu anatokea mtu, hakuingia, hakupita mlangoni, yupo tu. Nilipiga kelele mara ya kwanza. Mara ya pili niligomba.

"Mnaingiaje kwa watu kimya kimya hivyo? Hamna hodi?"

"Tumepiga hodi, mama. Umetukaribisha."

Siku moja nilisikia pumzi ya mtu sikioni, upande wa kushoto. Pumzi ya kizee, yenye kikohozi ndani yake. Nilikaa kama nimepigwa msumari. Nilisoma nilichoweza kukisoma moyoni, kisha nikageuka, na kwenye benchi langu la kando ya kiti alikuwa amekaa babu mmoja wa Mohoro na bahasha yake mapajani. Akaniambia yupo hapo kitambo, anasubiri nimalize, na kwamba alipotoa salamu nilimjibu waalaikumu salamu vizuri kabisa. Nilikumbuka kweli nimeitikia. Nilidhani mtu anapita barabarani.

Nilimhudumia babu wa watu. Alipoondoka nilichoma ubani dukani mpaka nikakohoa. Nilimwendea maalimu wa madrasa akaniandikia kombe, aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, nikaliosha kwa maji nikanywa, na mengine nikayanyunyiza kwenye kona za duka na kidogo nyuma ya kompyuta, penye nyaya, jambo ambalo sikumwambia mtu. Habari zikasambaa hata hivyo. Watu wakaanza kusimama nje na kunipitishia karatasi zao dirishani.

Mwalimu ndiye aliyethubutu kulitaja. Alikuja mchana, akakaa kwenye benchi, akaniita mama kwa sauti ile anayowaitia wanafunzi waliofeli.

"Baba yangu kule Iringa alianza hivi hivi. Ni presha ya macho. Haiumi wala nini, inakula pembeni kwanza. Nenda ukapime, mama. Nitakusindikiza."

Nilitoa sindano na uzi kwenye mkoba, nikatunga mbele ya uso wake kwa mara moja.

"Mgonjwa wa macho anatunga hivi?"

Aliitazama ile sindano.

"Baba naye alisoma Biblia ya herufi ndogo mpaka mwisho," alisema. "Katikati ndipo panapobaki."

Nilimfukuza. Nilimwambia aende akawatishe watoto wa watu darasani kwake. Lakini alipotoka nilikaa pale na sindano mkononi, na kwa mara ya kwanza haikunituliza.

Nikaenda Mbuchi. Kama ni shetani wa mama amenifuata hadi barabara kuu, basi mama atamjua kwa dalili zake. Njiani nilijikwaa kwenye ubao wa boti nikamlaumu nahodha, na kwenye ngazi ya gati nikaikosa hatua nikamlaumu aliyeijenga. Nilimkuta mama barazani kwa kaka yangu, anachambua mchele kwa vidole, kazi anayoifanya vizuri kuliko wenye macho.

Nilimweleza habari za duka. Sikutaja macho. Nilimwambia kompyuta imebadilishwa, sasa ina milango midogo pembeni, naifungua na siioni, na mingine inafunguka bila mimi kujua. Hajawahi kuiona kompyuta maishani mwake. Alisikiliza mpaka nikamaliza, vidole vimesimama ndani ya ungo.

"Wanakula pembeni," akasema. "Katikati wanaacha."

Sikuwa nimemwambia hivyo.

"Nani, mama?"

"Ndege. Miye nilianza na ndege."

Akanisimulia jambo ambalo nililijua kwa midomo ya watu wengine tu. Mwaka ule alikuwa analinda mpunga. Alikaa dunguni, kwenye kile kibanda cha juu ya miti tunachojenga katikati ya shamba, anaamia ndege tangu alfajiri: anapiga debe, anarusha udongo kwa kombeo, anapiga kelele. Kila alipotazama aliona shamba limetulia, hakuna hata kwelea mmoja. Jioni aliposhuka na kutembea alikuta kingo zote zimeliwa, masuke yamebaki makapi, na katikati mpunga umesimama kama haujaguswa. Ikawa hivyo kila siku. Watu walikuja kuangalia wakasema ndege wa Mungu hawali kwa duara, huu ni mkono wa mtu. Akapewa sindano. Akatunga. Wakaitana, wakatafuta, na ndipo ilipokumbukwa ile miti.

"Wakanichezea ngoma, mwanangu. Nikaogeshwa, nikafukizwa. Na miye natunga uzi kila siku, najua mwenyewe sina ubaya wa macho. Hata siku ile kulipoziba pote, asubuhi yake nilikuwa nimetunga."

Alisogeza ungo kando. Aliniambia nikae mbele yake, karibu, magoti yaguse magoti.

"Nitazame usoni. Usigeuke."

"Nakutazama, mama."

"Weye unaona uso wangu?"

"Naona." Niliona kila kunyanzi lake.

"Mkono wangu uko wapi?"

"Uko mapajani kwako."

"Upi?"

"Yote miwili."

Niliiona, wallahi. Niliiona ile mikono imetulia kwenye kanga yake, na ningeweza kuapa hivyo mbele ya kadhi. Halafu vidole vyake vikavu vikanigusa sikio. Vilikuwa hapo tangu alipoanza kuuliza, ananipungia kando ya uso wangu.

Mama yangu si mtu wa kulia na hakulia. Alinishika kichwa kwa mikono yote miwili, akasema niende na yule mwalimu wangu, niende haraka, nisipitie kwa mtu yeyote. Nilimwambia yule mwalimu nimemfukuza. Akasema basi nikamwombe radhi.

Nilimwomba. Tulikwenda Dar pamoja siku za likizo yake fupi. Hospitalini walinitia dawa machoni, wakanipima hiki na kile, mwisho wakanikalisha kwenye chumba chenye giza, kidevu juu ya kipande cha plastiki, uso umeingia ndani ya kitu cheupe kama bakuli kubwa lililolazwa. Jicho moja wakalifunika. Kijana wa mashine akanipa kitufe mkononi. Nitazame nukta ya katikati, akasema, nisiiache, na kila nitakapoona kijitaa kinawaka popote, nibonyeze.

Nikatazama nukta. Kijitaa kikawaka karibu nayo, nikabonyeza. Kingine, nikabonyeza. Kisha sikuona tena kitu. Nilisubiri, kidole tayari, sitaki kukosa hata kimoja. Mashine ilikuwa inatoa sauti ndogo ndogo, tiki, tiki, nikadhani inajiandaa. Nikasubiri zaidi. Nikaona huenda huyu kijana ameshughulika na simu yake, nikajiandaa kumpa maneno yake.

"Tumemaliza jicho hili, mama," akasema.

"Bado hujaanza pembeni."

Aliwasha taa ya chumba.

"Taa za pembeni zimewaka zote, mama."

Daktari alikuwa mtu mpole na alinionyesha picha yenyewe. Palikuwa na weusi mtupu, na katikati tundu jeupe. Ndani ya tundu lile ndimo nilimokuwa nikitunga uzi na kusoma sitini na saba kwa mia na kujisifu. Kila nilipoutaka ukurasa na nisiuone, nilifungua mwingine. Ndiye huyo mtu aliyekuwa akinifungulia kurasa. Watu waliingia dukani kwangu kwa mlango, wakapiga hodi, nikawakaribisha. Kilichokwisha kwenda hakirudi, daktari alisema, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa, kwa matone kila siku maisha yangu yote. Akanifundisha kugeuza kichwa chote ninapotaka kuona, nisiyategemee macho peke yake. Halafu akauliza kama kuna mwenye ugonjwa huo katika ukoo wetu. Nikasema mama. Akauliza kama naye alitibiwa. Nilisema ndiyo, maana alitibiwa kweli, kwa ngoma na mafusho, na sikuweza kulisema hilo mbele ya mwalimu bila kulia.

Siku nyingi nilikaa bila kumpigia mama. Nilikuwa na hasira, na sikujua niielekeze wapi. Kwa shangazi waliokwisha kufa? Kwa sindano? Miaka yote ile mwanamke mzima ameishi akijiita mkosaji kwa sababu ya vijiti vichache vya mkoko, ameomba msamaha kwa kisichokuwepo, na sasa mimi nimfumbulie hilo. Lakini alikuwa na haki ya kujua hana kosa. Niliona namletea zawadi.

Nilimpigia mchana mmoja wateja walipopungua. Nilirudisha mlango. Nilimweleza yote: ile mashine, tundu jeupe, matone. Nilimwambia macho yangu yaliyobaki yatabaki, inshallah. Alishukuru kwa sauti, mara nyingi. Kisha nikamwambia ni maradhi tu, mama, kama sukari, kama presha ya kawaida, yanatembea kwenye damu. Miti haihusiki. Hukumkosea yeyote.

Nilimsikia kuku wa kaka yangu nyuma yake.

"Kwa hiyo hakuna mtu," akasema.

"Hakuna mtu, mama."

"Huku upande wangu wa kushoto? Miaka yote hii?"

"Hakujawahi kuwa na mtu."

Alifikiri. Niliposikia sauti yake tena ilikuwa ndogo, ya mtu asiyetaka kusikiwa na aliye karibu naye.

"Mbona nikimsemesha ananiitikia?"

Nilikaa dukani peke yangu, simu sikioni, na kwa upande wa pili mama akisubiri. Nikageuza kichwa chote, taratibu, kama nilivyofundishwa, nikatazama upande wangu wa kushoto.